Mpenzi, Acha Nilale Juu Yake

Mimi nauza vifaa vya uvuvi hapa Mwanga, Kigoma: kamba, maboya, nyavu na taa za kuvulia dagaa. Zamani dagaa wa Ziwa Tanganyika walivuliwa kwa karabai. Siku hizi mvuvi anataka taa ya LED na betri, maana mafuta ya taa yanamla faida hata kabla hajashusha wavu. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, wenzangu walinuna. Mimi nikapiga hesabu: siku litakapofunguliwa, kila chombo kitataka taa mpya kwa mpigo. Nikaona badala ya kununua Kariakoo kwa mtu aliyenunua kwa mtu mwingine, niongee na kiwanda chenyewe, Guangzhou, China.

Kiingereza ninacho. Kidato cha nne nilipata C, tena C ya enzi zile.

Kule wametutangulia saa 5. Kwa hiyo dada wa mauzo alipofungua ofisi yake asubuhi na kunijibu, huku ilikuwa saa kumi alfajiri. Simu ikaunguruma kitandani: "Hello dear." Mke wangu, ambaye ukimwita kwa jina lake mara tatu haamki, aliamka.

"Nani huyo?"

"Kiwanda."

"Kiwanda kinakuita dia?"

Nikamweleza kwamba katika Kiingereza cha barua, "dear" ni kama sisi tunavyosema ndugu. Hata barua ya kumfukuza mtu kazi huanza na "Dear Sir". Akageukia ukutani. Lakini hakukoroma tena, na mke wangu asipokoroma ujue anawaza.

Basi tukaanza biashara. Maneno nisiyoyajua hayakunisumbua hata kidogo, kwa sababu niliyatafuta. FOB nikaijua: bei ya muuzaji inaishia mzigo ukishapakiwa melini bandarini kwao. CIF nikaijua: anajumlisha nauli ya meli na bima mpaka bandari ya huku, kodi juu yako. Nikachagua CIF kama bosi, nikaandika: "CIF Kigoma Port."

Kimya. Nusu saa nzima. Kisha: "Dear, Kigoma no sea?"

Uzalendo ukanipanda kichwani. Nikamwandikia kwamba tuna ziwa lenye kina cha mita 1,470, na duniani kote linalotuzidi kina ni Baikal peke yake.

"Congratulations," akajibu. "But ship cannot go."

Hapo nilitamani nimpe habari za Liemba, meli kongwe ya ziwa letu. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakavipanga kwenye makasha, vikaja mpaka Dar es Salaam, vikapanda treni, na meli ikaunganishwa hapa hapa Kigoma. Mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui, na mwaka 1924 Waingereza wakaiopoa. Kama meli nzima ilifika, taa 300 zitashindwaje? Ila nikakumbuka kwamba hata hiyo meli ilishukia Dar. Nikameza mate, nikaandika "CIF Dar es Salaam". Treni ningejuana nayo mwenyewe.

Akaleta bei: "USD 9.5 net. OK?"

Sasa hili neno sikulitafuta. Nilitafute la nini? Neti naijua tangu utotoni, nalala ndani yake kila usiku. Na kwa muuza vifaa vya uvuvi, "net" ni nini kama si wavu? Nikaona ananifungia taa na wavu kwa pamoja, ujanja wa kumaliza stoo yake. Nyavu ninazo, mpaka panya wamezizoea.

"No," nikaandika. "Not net. Lamps only."

"Not net? Sure?"

"Very sure. I don't want net."

Ikaja proforma mpya, yaani ankara ya awali. Taa moja imetoka dola 9.5 ikawa 10. Mzigo wa taa 300 uliokuwa dola 2,850 sasa ni 3,000, na wavu haumo! Nikalalamika kwa herufi kubwa. Akajibu: "I am afraid we cannot go lower, dear."

Moyo ukaniingia huruma. Mtoto wa watu anaogopa, nani ajuaye bosi wake akoje. Nikaacha herufi kubwa, nikamwandikia kwa upole: "Do not be afraid. I am a good man with four children."

"OK dear," akaandika. "Let me sleep on it."

Nikaiacha simu mezani, nikaenda kuoga.

Niliporudi, sebuleni kulikuwa na mahakama. Mke wangu amekaa, kanga kiunoni. Binti yetu wa kidato cha pili amesimama na simu yangu pamoja na kamusi ya shule.

"Rudia," mama yake akamwambia.

Binti akakohoa kidogo. "Baba ameandika: Usiogope. Mimi ni mwanamume mwema mwenye watoto wanne. Halafu huyo dada amejibu: Sawa mpenzi. Acha nilale juu yake."

"Juu ya nani?"

"Hajasema, mama."

Nilijitetea mpaka maji ya kuoga yakanikaukia mwilini. Mwishowe tukamwita jirani, mwalimu mstaafu wa Kiingereza.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Bado," mke wangu akasema.

Mwalimu akavaa miwani, akasoma kuanzia juu. Alipofika kwenye wavu akaivua miwani, akafuta macho, akaivaa tena. Akaeleza kwamba "I am afraid" si woga, ni adabu ya kukataa, kama sisi tunavyosema "samahani, haitawezekana". "Sleep on it" ni kulitafakari jambo usiku kucha, hakuna anayelaliwa. Na "net" kwenye bei maana yake ni bei kavu, isiyo na kamisheni ya dalali ndani yake. Ukimwambia hutaki "net", anaweka kamisheni.

"Kwa hiyo," mwalimu akasema, "dada wa watu alikupa bei nzuri, ukamlazimisha aipandishe. Tena alikuuliza mara mbili."

Nilitegemea mke wangu acheke. Hakucheka. Huyu mama ana miaka 11 anauza dagaa pale Kibirizi, anapatana bei na Wakongo na Warundi, na sijawahi kusikia amepunjwa hata shilingi. Akanyoosha mkono.

"Nipe simu."

Akamwuliza mwalimu herufi mbili tatu, basi. Akaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja:

"Dear, I am afraid. Price is big. Net how much? I say 8."

Jibu likaja. Tulishangaa, maana kule ulikuwa usiku wa manane. "Hello dear! 9.2 net, last price. 30% deposit, 70% before loading."

Mimi nikaruka kwenye kochi. "Kubali! Kubali haraka!"

Mke wangu alinitazama kama anavyomtazama mteja anayeshika dagaa bila kununua. Akaandika: "Let me sleep on it." Akazima data, akaiweka simu chini ya mto wake, upande wake wa kitanda.

Saa kumi alfajiri aliiwasha, ikaunguruma. Akafungua jicho moja.

"Dear, 9 OK."

Akairudisha simu chini ya mto, akageukia ukutani, akakoroma.