Gitaa la Mzee Mashoto

Baba yangu alikuwa fundi wa reli mjini Tororo, pale ambapo njia ya Soroti inaachana na ile ya Kampala, na alikuwa na mapenzi mawili yaliyogombania sebule moja: familia yake na muziki wa roki. Hakuwahi kuligusa gitaa kabla ya kukagua daftari zetu zote, na kitinda mimba alipolala alikuwa akichomoa waya wa amplifaya, na gitaa la umeme lisilo na amplifaya hulia kama kitana kinachokwaruzwa kwa ukucha. Tulilala kwa mlio huo miaka mingi tukidhani ndiyo roki yenyewe. Mama alipokuwa zamu ya usiku, Mzee aliweza kuukatiza wimbo mahali patamu kabisa ili akimbilie jikoni kusonga posho.

Mwaka mmoja baada ya kifo chake tulifanya ibada ya ukumbusho, na Mama akaniagiza mimi, kifungua mimba, nipige ule wimbo wa kutulaza. Nilifanya mazoezi miezi miwili kwa gitaa la kuazima, nikaiva, nikaanza hata kutembea kwa maringo. Siku yenyewe, kwa heshima, nikalichukua gitaa la marehemu. Nilichosahau ni kwamba Baba alikuwa mashoto na, kama Jimi Hendrix, alikuwa amelipindua gitaa la mkono wa kulia na kuzifunga nyuzi zote sita upya, hata uzi mnene uliokuwa juu kwake ukawa chini kwangu.

Sikuligundua hilo mapema kwa sababu ya mchungaji. Alikuwa mgeni, na alipoambiwa kwamba marehemu alikuwa mtu wa roki alielewa Tororo Rock, ule mwamba mkubwa unaousimamia mji wetu, akahubiri dakika 40 akimsifu Baba kwa kuupanda kila Jumamosi bila kuchoka. Baba, kwa magoti yale, alikuwa akipumzika mara mbili kabla ya kufika sokoni.

Hatimaye nikasimama, nikapiga. Ulitoka mlio wa breki za behewa la mizigo kwenye mteremko, na mstaafu mmoja wa reli, kwa mazoea tu, akageuka kutazama nyuma. Nilijaribu tena, ikawa mbaya zaidi. Kwa kuwa nilihitaji muda wa kufikiri, nikawaomba waombolezaji tusimame kwa dakika moja ya ukimya.

Sasa, waya wa gitaa lile Mzee aliulehemu mwenyewe, na ngao yake, ule wavu wa nje unaozuia mawimbi ya redio, ilikuwa imekatika ndani, kwa hiyo waya huo ulikuwa umegeuka antena. Katikati ya ukimya, kutoka ndani ya amplifaya ya Baba, ikasikika sauti nzito ya mtangazaji wa redio akisoma matangazo ya vifo. Watu waliinamisha vichwa zaidi, wakiamini kwamba hiyo ni sehemu ya ibada, na mchungaji akaitikia, "Amina." Jina la marehemu mmoja lilipotajwa redioni, mzee mmoja wa safu ya mbele akaropoka, "Amekufa na ng'ombe wangu wawili!"

Nikanyoosha mkono niizime. Mama akanikodolea macho, akanionyesha kwa kidole niongeze sauti, asikie maziko ni saa ngapi.