Boksi la Pili Lililokula Besi

Kwenye bendi yetu, ambako mimi nilipiga gitaa la besi, mwaka ule hakukuwa na mtu aliyenishinda kwa habari za omu, kile kipimo cha ukinzani wa umeme, na nilihakikisha hakuna asiyelijua hilo. Mpiga drams akiuliza saa ngapi, mimi namjibu, halafu naongezea kwamba maboksi mawili ya spika ya omu 8 yakiungwa sambamba, yaani chanya na chanya, hasi na hasi, yanakuwa omu 4. Mpiga kinanda alifika mahali akiniona tu anavaa hedifoni.

Amplifaya yangu ilikuwa moja ya hizi nyepesi za kisasa, unaibeba kwa mkono mmoja kama mkoba wa mwalimu. Nyuma imeandikwa wati 500 kwa omu 4, na onyo kwamba usishuke chini ya hapo. Boksi nililokuwa nalo lilikuwa moja, spika ya inchi 15, omu 8. Kwa hiyo kwa miaka miwili nilikuwa nanyonya wati 300 hivi tu, na zile nyingine zimelala ndani kama pesa ya vikoba. Moyo uliniuma.

Ukweli ni kwamba kutoka 300 kwenda 500 sikio halishtuki sana. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu za ukubwa wa sauti, kitu ambacho bibi aliyekaa meza ya nyuma atakitambua kwa taabu. Faida kubwa ya boksi la pili ni karatasi ya spika, ile inayocheza mbele na nyuma: eneo linalosukuma hewa linakuwa mara mbili, na besi kazi yake ni kusukuma hewa. Nilimweleza kiongozi wetu yote haya huku anakula chipsi. Akasema, "Mwanangu, nunua, ili unyamaze."

Nikaingia Kariakoo na mita mfukoni. Muuzaji wa kwanza alikuwa na boksi zuri lenye stika ya dhahabu: WATI 2000. Nikamuuliza, "Mzee, hii 2000 ni wati, au ni mwaka lilipozaliwa?" Akanitazama kwa huruma. "Kijana, umekuja kununua au umekuja kusahihisha?"

Duka la tatu ndipo nikalikuta: inchi 15, mbao za plywood, pembe za chuma, umri umekwenda lakini sura ipo. Nikachomeka waya nyuma, nikaweka mita kwenye ncha na shina la jeki, kile kichwa cha kuchomeka mwishoni mwa waya. Ikasoma 6.1. Safi kabisa. Spika ya omu 8 kwa mita ya kawaida husoma kati ya 5 na nusu na 6 na nusu, kwa sababu mita inaona ukinzani wa koili peke yake, yaani ule waya uliosukwa nyuma ya karatasi. Ukiona 8 kamili, anza kuwa na mashaka. Nikatoa wavu wa mbele, nikabonyeza karatasi taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, pande mbili sawasawa, isiende upande. Haikukwaruza. Koili iliyopinda au kuungua utaisikia hapo hapo, inasaga kama mchanga ndani ya sufuria.

"Hiyo," muuzaji akasema, "koili imesukwa upya juzi tu. Fundi kaifungua yote, kaifunga yote. Mpya!"

Nami nikaisikia sentensi ile kama sifa. Laki nne na nusu, boksi likapanda bajaji. Sikupata pa kukaa, nikalipakata. Dereva kila tuta anauliza kama nyuma kuko salama.

Nyumbani nikalijaribu peke yake. Lilitoa besi iliyotikisa sahani kabatini, na mama mwenye nyumba akaja kuuliza kama ni tetemeko. Sikuwa na sababu ya kulijaribu pamoja na la zamani, kwa kuwa hesabu ya omu nilishaipiga. Shika hapo.

Jumamosi tukawa na harusi Sinza. Nilifika mapema nikayapanga maboksi mawili moja juu ya jingine, kimo changu, nikatoa waya mbili nene za spika. Waya wa gitaa hapana kabisa: ule una uzi mwembamba katikati, wati zikizidi unapata moto, na ukipata moto unakukumbuka. Tundu mbili za nyuma ya amplifaya zimeungwa sambamba humo humo ndani, kwa hiyo ni kuchomeka huku na huku, basi. Vijana wa ukumbi walisimama kuniangalia. Nikawapa mhadhara mfupi.

Wimbo wa kwanza ukaanza.

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa napiga uzi mnene kabisa, ule wa E, na kinachotoka ni kucha. Nasikia kidole kikigusa uzi, nasikia uzi ukigonga chuma cha shingo, lakini ile nyama ya sauti, ile inayokukalia kifuani, haipo. Gitaa la besi linalia kama mtu anahesabu vijiti vya kiberiti. Kiongozi akageuka na gitaa lake la solo mkononi.

"Besi iko wapi?"

"Inakuja, mzee."

Nikaongeza sauti. Kucha zikaongezeka. Nikazungusha kitufe cha besi mpaka mwisho. Hapo nilikuwa najichimbia kaburi kwa koleo langu mwenyewe, maana kuongeza besi desibeli 10 kunadai wati mara kumi, na amplifaya ya wati 500 haina hizo za kukopesha. Taa nyekundu ikaanza kupepesa. Wimbo wa pili, mshenga akaja jukwaani, akaninong'oneza kwa upole mkubwa: "Kaka, hilo la juu lote ni la mapambo?"

Nikaanza kutafuta mchawi. Nikabadilisha waya wa gitaa. Nikasema ni betri ya gitaa, nikakumbuka gitaa langu halina betri. Nikasema ni ukumbi. Kumbi huwa na sehemu besi inajikata yenyewe, unasogea hatua tatu unaikuta. Nikashuka na gitaa hadi meza ya tano, waya umevutika kama kamba ya mbuzi. Kucha tupu. Nikasema ni jenereta. Mwenye jenereta alikuwa karibu, akataka tulizungumze nje.

Aliyenitoa aibu, au aliyeiongeza, ni mpiga drams. Katikati ya wimbo wa tatu alipiga teke bahati mbaya akachomoa waya wa boksi jipya. Na besi ikarudi! Kubwa, nene, mpaka watoto wakageuka. Nikafurahi, nikamwonyesha dole gumba, nikachomeka waya pale pale ili iwe nzuri zaidi. Besi ikazama. Nikachomoa, ikaibuka. Nikachomeka, ikazama.

Mpiga drams akainama kunifikia, huku anaendelea kupiga. "Kwa hiyo umelipa laki nne na nusu ili ipungue?"

Hapo ndipo maneno ya muuzaji yalipoamka kichwani: fundi kaifungua yote, kaifunga yote. Fundi alipofunga alizigeuza waya, chanya ikaenda kwa hasi. Spika iliyogeuzwa ikiwa peke yake haina kosa lolote unaloweza kusikia, ndiyo maana nyumbani ilitikisa sahani. Iweke jirani na mwenzake ndipo balaa: huyu anasukuma hewa mbele, yule anaivuta nyuma, wakati ule ule. Wimbi la uzi wa E ulio wazi, mizunguko 41 kwa sekunde, lina urefu wa zaidi ya mita 8, kwa hiyo maboksi yaliyobebana kwake ni kama kitu kimoja, yanafutana karibu yote. Sauti za juu mawimbi yake ni ya sentimita tu, hayakutani sawasawa, yananusurika. Ndiyo zile kucha. Mafundi husema yamepishana fezi. Mita yangu haikuwa na la kusema, maana ukizigeuza waya, omu ni zile zile 6.1.

MC akatangaza utambulisho wa familia. Upande wa bibi harusi peke yake walikuwa meza tisa, nikajua nina dakika ishirini.

Kipimo nilikifahamu: betri ya mraba ya volti 9. Unachomoa waya kwenye amplifaya kwanza, unauacha kwenye boksi, halafu unagusisha chanya ya betri kwenye ncha ya jeki na hasi kwenye shina, nusu sekunde tu, usiing'ang'anize. Karatasi ikiruka mbele, sawa. Ikirudi ndani, imegeuzwa. Tatizo ni betri yenyewe. Nikatupa macho nikaona maiki ya pili isiyo na waya imelala kwenye meza ya mixa, haina kazi. Nikaifungua makalio, nikaichukua betri yake. Nilikuwa naiazima.

Nikatoa nyavu. Shangazi wa bwana harusi akaja kuona mtu anavua maboksi nguo hadharani, akawasha tochi ya simu bila kuulizwa. Mtoto mmoja mwenye suti na tai ya kipepeo akachuchumaa nasi. Nikagusisha boksi la zamani: tup, karatasi ikaja mbele. Nikagusisha jipya: tup, ikaingia ndani.

"Hii inapumua nje," mtoto akasema, "hii inapumua ndani."

Sekunde mbili. Mimi ilinichukua nyimbo tatu.

Nikafungua skrubu nne za kibati cha nyuma chenye tundu la jeki, kikatoka na waya zake mbili, nyekundu na nyeusi, zimeshikwa na vibanio vya kuchomeka. Hakuna hata risasi ya kuungia waya ya kuyeyusha. Nikavuta, nikabadilisha, nikarudishia. Nikagusisha betri tena: mbele. Shangazi akauliza nitakumbukaje kesho, akatoa rangi ya kucha kwenye mkoba, akapaka doa jekundu kwenye mguu wa chanya. Hadi leo lipo, na linang'aa kuliko boksi lote. Betri nikaitia mfukoni, nikafunga skrubu mbili tu kati ya nne, maana MC alishaanza kuita ndafu.

Kama hujawahi kuona ndafu ikiingia ukumbini: mbuzi mzima kaokwa, kasimama kwenye meza kama yuko hai, mdomoni kashika majani, anasukumwa na wapishi wenye kofia ndefu huku bendi inapiga na watu wanacheza. Ilikuwa imefika mbele ya jukwaa, hatua tatu toka kwangu. Kiongozi akahesabu. Nikapiga uzi wa E wazi.

Vitufe nilikuwa sijavirudisha. Sauti iko pale nilipoiacha nikihangaika, besi imezungushwa mpaka ukuta, na sasa spika mbili zinasukuma upande mmoja.

Glasi za meza kuu zilihama. Mpishi mmoja alishika kofia. Na ndafu, naapa, ilitema majani.

Ukumbi ulinyamaza, halafu ukalipuka kwa vigelegele, wakidhani ndiyo utaratibu wa kwao. Nilirudisha vitufe kwa mkono unaotetemeka, tukaendelea, na ilikuwa besi ya heshima, mshenga mwenyewe akaja kuniinulia glasi.

Ikaja zamu ya nasaha. Baba wa bibi harusi akasimama na karatasi yake, kurasa nne, akapewa maiki. Ile ya mezani. Akaigonga. Kimya. Akapuliza. Kimya. Kijana wa mixa anapandisha na kushusha vitufe, jasho linamtoka, na mimi kwenye kiti changu nikahisi paja linapata joto.

Betri ya volti 9 ina vichwa vyote viwili upande mmoja, vimekaribiana. Na mfukoni nilikuwa na funguo za nyumba. Nilipoketi, ufunguo ulilala juu ya vichwa vyote viwili, na sasa betri ilikuwa inamwaga kila ilichonacho kwenye nyama yangu.

Niliruka. Nikashika paja, nikaruka kwa mguu mmoja, nikazunguka, nikatikisa suruali. Mpiga tumba, ambaye hajawahi kuacha tukio lipite, akanifuata kwa ngoma. Meza za mbele zikapiga makofi. Shangazi wa tochi akapanda jukwaani akacheza nami, akanibandika elfu tano kwenye paji la uso. Baba wa watu kasimama na maiki bubu, karatasi mkononi, anatusubiri.

Nilipompelekea kijana wa mixa betri yake ilikuwa bado ya moto na haina hata chembe ya chaji. Mzee alisoma kurasa zote nne kwa maiki ya MC, na MC akakaa pembeni akinitazama mpaka ukurasa wa mwisho. Kamati ilipotulipa ilikata elfu tatu ya betri. Mpiga drams akapiga hesabu kwa sauti, bendi nzima inasikia: kwenye zile laki nne na nusu, nimesharudisha elfu mbili.