Gharama ya kuingia: kinachosahaulika katika mjadala wa udhibiti wa mitaji

Serikali yoyote ikitamka "udhibiti wa mitaji", yaani masharti juu ya fedha zinazoingia au kutoka nchini, jibu huwa limeshaandaliwa: wawekezaji watakimbia, sarafu itaanguka, soko la magendo la dola litachipuka. Jibu hilo lina ukweli mwingi linapohusu nchi inayofunga milango ya kutokea baada ya akiba yake ya dola kukauka. Lakini hutolewa vilevile, bila kubadilishwa hata neno, dhidi ya sera iliyo tofauti kabisa: kuzitoza gharama fedha za muda mfupi zinapoingia, uchumi ukiwa bado mzima. Sera hii ya pili inastahili kuhukumiwa kwa makosa yake yenyewe.

Sheria ya kimataifa haijawahi kuikataza. Mkataba wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) uliokubaliwa Bretton Woods, Marekani, Julai 1944 unazitaka nchi ziache huru malipo ya biashara ya kawaida, ila ibara ya 6 inaziruhusu waziwazi kudhibiti uhamishaji wa mitaji. Waandishi wake wakuu, Keynes wa Uingereza na White wa Marekani, walivutana kwa mengi, lakini hapo walikuwa kitu kimoja. Jaribio la kugeuza mkondo lilikuja Septemba 1997, mkutano wa IMF wa Hong Kong ulipounga mkono mkataba urekebishwe ili kufungua mitaji kuwe lengo la Shirika. Wakati huo baht, sarafu ya Thailand, ilikuwa imeachiwa bei yake ipangwe na soko tangu tarehe 2 Julai, na sarafu za Indonesia na Malaysia zilikuwa zinaporomoka nayo. Marekebisho yale hayakupita.

Wanaotetea mitaji huru wana hoja za kweli. Mtaji ukiachwa utembee hufika mahali ulipo adimu, na nchi maskini hupata fedha ambazo akiba ya ndani isingezitoa kwa miaka mingi. Hofu ya kukimbiwa humfanya waziri wa fedha afikiri mara mbili kabla ya kupanua nakisi ya bajeti. Na udhibiti huvuja: ankara za biashara hutiwa bei za uongo, vibali huuzwa.

Hebu tuzipime hoja hizo kwa Chile. Kuanzia Juni 1991, aliyeingiza mkopo wa nje aliweka Benki Kuu amana ya asilimia 20 isiyolipwa riba. Mwaka 1992 kiwango kilipanda hadi 30, na amana ikawa ya mwaka mzima hata kama mkopo ni wa mwezi mmoja. Nguvu yote ya sera imo katika sharti hilo la mwisho. Tuseme riba ya nje ni asilimia 5. Anayeleta dola 100 anabaki na 70 za kufanyia kazi, na zile 30 zilizolala zinamgharimu dola 1.50. Akikaa mwaka mmoja, hiyo ni kama asilimia 2.1 ya fedha anazotumia. Akitaka kuondoka baada ya miezi 3, gharama ni ileile ila imebebwa na robo mwaka, sawa na asilimia 8.6 kwa mwaka. Kwa mwezi mmoja inakaribia 26. Aliyekuja kwa miaka 5 anaigawa kwa miaka 5, na haifiki hata nusu asilimia kwa mwaka. Hakuna ofisa anayeketi kuamua nani mwekezaji na nani mlanguzi, kwa hiyo hakuna kibali cha kuuza. Muda ndio unaowatenganisha.

Hesabu hiyohiyo inafichua udhaifu ambao watetezi wa sera hawausemi vya kutosha. Riba ya nje ikishuka hadi asilimia 1, gharama ya mwezi mmoja inaanguka toka 26 hadi 5 hivi, na ni wakati huohuo fedha zinapohangaika kutafuta faida ugenini. Kiwango cha amana kinapaswa kupanda riba za nje zinaposhuka. Kikiachwa palepale, kinalegea siku kinapohitajika zaidi.

Je, ilifanya kazi? Watafiti wengi wanakubaliana kwamba mikopo ya Chile ilisogea kwenye muda mrefu zaidi, huku jumla ya fedha zilizoingia na thamani ya peso, sarafu yake, vikiguswa kidogo. Anayesema sera ilishindwa kwa sababu peso iliendelea kupanda anaipima kwa kipimo kisichoifaa. Kinachoiua nchi katika mgogoro ni madeni yanayoiva yote kwa mpigo. Korea Kusini iliingia mikononi mwa IMF Desemba 1997 kwa sababu mikopo ya muda mfupi ya benki zake ilizidi dola ilizokuwa nazo. Lawama iliyo nzito kwangu ni ya mchumi Kristin Forbes: kampuni ndogo za Chile zilibanwa zaidi kupata mtaji katika miaka ile, kwa kuwa kubwa zilikuwa na njia nyingine za kukopa. Hilo ni tatizo halisi, na sijaona mpango wa amana uliolitatua.

Ubunifu mbovu nao huua. Tarehe 18 Desemba 2006 Thailand ilitangaza amana ya asilimia 30, ikaieneza hadi kwenye hisa, na anayeondoka kabla ya mwaka angepoteza theluthi ya amana yake. Kesho yake soko la hisa lilianguka kwa takriban asilimia 15, na jioni hisa zikaondolewa kwenye agizo. Hatari ya nchi ilikuwa kwenye fedha za kulangua sarafu. Aliyeadhibiwa akawa mnunuzi wa hisa.

Malaysia ya Septemba 1998 ni kesi nyingine: ilizuia fedha kutoka, ikaifunga sarafu yake, ringgit, kwenye 3.80 kwa dola. Wachumi Ethan Kaplan na Dani Rodrik waliona uchumi ulipona haraka kuliko ambavyo ungepona kwa njia ya IMF. Wenzao Simon Johnson na Todd Mitton waliona kampuni zenye ukaribu na wakubwa zilinufaika zaidi. Naamini wote wana haki, na ndiyo maana sitetei sera ya kutoka kama ninavyotetea ya kuingia.

IMF yenyewe ilikubali mwaka 2012 kwamba udhibiti una nafasi yake, na Machi 2022 ikaruhusu utumike mapema, hata kabla wimbi la fedha halijafika. Ni hatua kubwa, lakini nusu ya wazo la 1944 bado imelala. Keynes na White waliona udhibiti ungekuwa rahisi zaidi kama nchi zinazotuma na zinazopokea fedha zingeshirikiana, na rasimu za mwanzo za White zilitaka ushirikiano huo uwe wajibu. Mabenki ya New York yalipinga, na maandishi ya mwisho yakabakiza hiari. Hadi leo nchi inayopokea inaziba matundu peke yake, huku taarifa za nani katuma nini zikiwa kwenye vitabu vya benki za nchi nyingine.