Otto, Ove na wagane wetu

Wenzangu hapa Mwanza walioitazama filamu ya A Man Called Otto wanatoa jibu moja: hayo ya Wazungu, kwetu mzee haachwi peke yake namna ile. Sikubaliani nao.

Kwa ambaye hajaiona: Otto ni mgane mkorofi. Tangu afiwe na mkewe anajaribu kujiua, na kila akijaribu majirani wanamkatiza na shida zao. Asili yake ni riwaya ya Mswidi Fredrik Backman ya mwaka 2012, ambamo mzee huyo anaitwa Ove. Waswidi wenyewe waliitengenezea filamu mwaka 2015, akaigiza Rolf Lassgård. Ya Tom Hanks ikafuata 2022, mtaa ukahamia Marekani, na jirani aliyetoka Iran sasa anatoka Meksiko.

Mimi naipenda zaidi ya Uswidi. Hanks tumeshamzoea kwa wema, hata akifoka unajua atalainika tu. Lassgård hana haja ya kupendwa. Anakuchosha na ukaguzi wake wa kila asubuhi, nani kaegesha wapi, nani katupa taka vibaya, mpaka unagundua kwamba hana kingine kilichobaki. (Kitabuni Ove anakosana kabisa na rafiki yake, mtu wa Volvo, rafiki huyo aliponunua BMW. Kwa Wamarekani gari la usaliti ni Toyota. Kwa kipimo hicho Mwanza nzima tusingesalimiana.)

Sasa turudi kwa wenzangu. Ni kweli, mtu akifiwa Mabatini au Kirumba nyumba inajaa: turubai, viti vya kukodi, akina mama na masufuria, wanaume wanakesha motoni. Tanga likishaanuliwa, viti vinarudi kwa mwenyewe na watoto wanapanda basi la Dar. Mzee anabaki juu kule kwenye mawe, magoti hayamruhusu kushuka kila siku. Mjane angalau ana kikoba na wenzake wa kanisani. Mgane tunamuuliza ataoa lini, basi.

Na Otto haokolewi na pole. Jirani anabisha hodi akitaka ngazi, akitaka kupelekwa hospitali, akitaka kufundishwa gari. Anatumwa! Sisi mzee tunamwondolea kila kazi kwa jina la heshima: babu, kaa upumzike. Mtaani kwetu yupo seremala ambaye wanawe waliuza randa na misumeno yake baada ya msiba wa mama yao, eti asijichoshe. Siku hizi anashinda akigombana na vijana wa bodaboda, na watu wanasema uzee umemharibu.