Modeli ikipogolewa, tuhesabu majani yaliyopitwa

Mkulima wa muhogo aliye katikati ya shamba, bando limemwishia na mnara uko mbali, hasaidiwi na programu inayosubiri jibu kutoka seva ya ng'ambo. Ndiyo maana kazi ya Song Han, mtafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, ya kuipunguza modeli (programu iliyojifunza kutokana na mifano) ili iweze kukaa ndani ya simu, naipa uzito mkubwa. Mwaka 2015, akiwa bado Stanford, yeye na wenzake waliuchukua AlexNet, mtandao wa neva, yaani aina ya modeli, unaotambua vitu kwenye picha, wakaupunguza kutoka megabaiti 240 hadi 6.9, na usahihi wake haukushuka. Walichofanya kwanza mwenye mibuni anakijua: walipogoa. Viunganishi vya mtandao huo vyenye mchango mdogo vilikatwa, vilivyobaki vikafundishwa upya. Kisha namba zinazokaribiana zikapewa thamani moja, na mwisho zikafungashwa kwa msimbo mfupi.

Wanaoutilia shaka upogoaji huu wana hoja nzito. Mwaka 2019 Sara Hooker na wenzake wa Google walionyesha kwamba baada ya kupogoa, wastani wa usahihi unaweza kubaki karibu palepale huku makosa yakirundikana kwenye picha chache, hasa zile zisizo za kawaida. Wastani unaficha.

Mwaka huohuo ulichapishwa utafiti wa modeli ya simu ya kutambua magonjwa ya muhogo, iliyojaribiwa kwenye shamba nchini Tanzania kwa vijani 720 vyenye ugonjwa. Hata kwenye picha za dalili zilizo wazi kabisa, alama ya F-1, kipimo kinachounganisha usahihi wa majibu ya modeli na wingi wa ugonjwa inaougundua, ilishuka kwa asilimia 32, kwa sababu modeli ilivipita vijani vingi bila kuugundua ugonjwa. Hapo sitaulaumu wepesi wa modeli peke yake. Mwanga wa shambani na pembe ya kushikia simu navyo vinaisumbua modeli.

Mimi bado niko upande wa wepesi, maana modeli kubwa isiyofika shambani haimtibii mtu muhogo. Ila jedwali la matokeo lenye wastani mmoja silikubali tena. Jani zima likidhaniwa gonjwa, mkulima atalikagua mara ya pili. Jani lenye ugonjwa wa batobato likipitwa, shina lake litakatwa pingili, jirani ataomba chache, na msimu ujao mashamba mawili yatakuwa yanaugua. Kwa hiyo anayepogoa modeli atuonyeshe, ugonjwa kwa ugonjwa, ni majani mangapi yalipitwa kabla ya kupogoa na mangapi baada yake, na ayahesabu shambani, juani.