Si kila ubongo uliovimba unahitaji deksamethasoni

Mgonjwa analetwa hajitambui, shingo imekakamaa, joto liko juu, ndugu wamejaa mlangoni. Hazipiti dakika nyingi kabla mtu hajataja deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza kinga ya mwili na uvimbe. Sindano yenyewe haina gharama kubwa, na hoja yake inaingia akilini upesi: ubongo umevimba, tushushe uvimbe. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ilishapimwa kwa wagonjwa, wengine wao wa Uganda na Malawi, na majibu hayakupendeza.

Tatizo linaanzia kwenye jina. "Homa ya uti wa mgongo" tunaisema kana kwamba ni ugonjwa mmoja, kumbe ndani yake mna bakteria, mna kifua kikuu, mna fangasi, na kila kimoja kina ugomvi wake na kinga ya mwili. Ubongo una walinzi wake wa kudumu, seli zinazoitwa mikroglia, na kuta za mishipa yake ya damu zimebana kiasi kwamba chembe nyeupe za damu chache sana hupenya. Kwa mtu mzima mwenye afya, maji ya uti wa mgongo hayana zaidi ya chembe nyeupe 5 katika milimita moja ya ujazo. Vita vikianza, walinzi hutoa kemikali za kuita msaada, kuta zinalegea, chembe zinamiminika na maji yanafuata. Uvimbe wa namna hiyo ukiwa mguuni utauma, utapita. Fuvu halitanuki, kwa hiyo kinachovimba humo ndani huanza kujinyima damu chenyewe.

Kwa bakteria, hasa pneumokokasi, kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: antibayotiki nayo huongeza moto kwa muda. Ikipasua bakteria, vipande vya kuta zao vinasambaa na kuita chembe nyingi zaidi. Ndiyo maana deksamethasoni, ikiwa itatolewa, hutangulia dozi ya kwanza ya antibayotiki au huenda nayo pamoja, miligramu 10 kila baada ya saa 6 kwa siku 4. Ikija kesho yake, chembe zimeshaingia. Huko Ulaya utafiti ulioongozwa kutoka Amsterdam na kutolewa 2002 ulionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 15 hadi 7. Blantyre, Malawi, watu wazima walipewa dawa hiyo hiyo, na majibu yakatolewa 2007: asilimia 56 ya waliopewa walifariki ndani ya siku 40, na asilimia 53 ya wasiopewa. Hakuna faida. Wengi wao walikuwa na VVU na walifika ugonjwa ukiwa umekomaa. Anayenakili dozi ya Amsterdam ajue pia kwamba hakunakili mgonjwa wa Amsterdam.

Kifua kikuu cha ubongo ni kesi ambayo steroidi zimejipatia nafasi kwa haki. Pale chini ya ubongo hujengeka utando mzito kama uji ulioganda. Unaziba njia za maji, kichwa kinajaa, na unabana mishipa ya damu hadi mgonjwa anapata kiharusi. Utando huo ni kazi ya kinga yenyewe, si ya vijidudu peke yao. Vietnam, mwaka 2004, deksamethasoni ilishusha vifo kutoka asilimia 41 hadi 32, ingawa haikupunguza ulemavu mkubwa kwa waliopona. Huanza na miligramu 0.3 au 0.4 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kutegemea ukali, kisha inashushwa kidogo kidogo kwa wiki 6 hadi 8. Kuikata ghafla ni kualika uvimbe urudi. Hata hivyo, ilipojaribiwa kwa wenye VVU peke yao, majibu ya 2023 yalikuwa vifo asilimia 44 dhidi ya 49, tofauti ambayo inaweza kuwa bahati tu.

Malaria ya ubongo sitaikalia sana: steroidi zilijaribiwa Thailand, 1982, na waliopona walikaa kwenye koma muda mrefu kuliko wenzao. Hazitumiki.

Fangasi wa kriptokokasi ndiye anayestahili muda wetu, maana ndiye anayegeuza hoja yote juu chini. Huingia kwa pumzi, na hushika wale ambao CD4 zao, yaani seli za kinga zinazoshambuliwa na VVU, zimeshuka, mara nyingi chini ya 100. Ukidondosha wino mweusi kwenye maji ya mgongo na kuchungulia kwa hadubini, utaona duara lenye uwazi mpana unaong'aa kulizunguka. Uwazi huo ni koti lake la sukari, na koti hilo linamficha asitambuliwe na seli za kinga. Kwa hiyo karatasi ya maabara inaweza kurudi na chembe nyeupe 2, na mtu akashusha pumzi: afadhali, hakuna vita. La hasha. Chembe chache kwa mgonjwa huyu ni dalili mbaya, maana askari hawapo na fangasi wamejaa. Kinachompasua kichwa ni presha: fangasi na masalia ya makoti yao yameziba njia ambazo maji hupitia kurudi kwenye damu.

Sasa mpe mtu huyo deksamethasoni. Unanyamazisha kinga ambayo tayari ilikuwa kimya. Utafiti uliofanyika nchi kadhaa, Uganda na Malawi zikiwemo, ulisimamishwa kabla ya wakati na kutolewa 2016: kwa wiki 10 vifo vilikuwa asilimia 47 kwa waliopewa na 41 kwa wasiopewa, madhara yalikuwa mengi zaidi, na fangasi walichelewa kuisha.

Tiba ya presha hapa ni kuyatoa maji. Mgonjwa analazwa ubavu, sindano inaingia kati ya pingili ya tatu na ya nne za kiuno, au ya nne na ya tano, usawa wa ncha za mifupa ya nyonga. Uti wenyewe kwa mtu mzima huishia juu ya hapo, kwa hiyo ile hofu ya "akichomwa mgongo atapooza" haina pa kusimama. Hofu ya "wakichomwa wanakufa" imetokana na kuchelewa: anayechomwa siku ya tano akiwa hajitambui alikuwa njiani tayari. Kama hakuna kifaa cha kupimia presha, mpira safi wa dripu ulioshikwa wima kando ya rula hutosha, sifuri ikiwa usawa wa sindano. Maji yakipanda kupita sentimita 25, yanatolewa hadi yashuke chini ya 20 au nusu ya yalipoanzia, mara nyingi mililita 20 hadi 30, na kesho inarudiwa kama kichwa bado kinauma. Kwa maoni yangu, wodi isiyo na mazoea ya kurudia haijatibu kriptokokasi, hata ikiwa na dawa zote. Na dawa zenyewe sasa ni nyepesi kuliko zamani: tangu 2022 WHO inapendekeza dozi moja ya amfoterisini ya liposomu, miligramu 10 kwa kilo, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14.

Kosa la pili hufanyika kwenye kliniki ya VVU, tena kwa nia njema. Tangu 2017 tunahimizwa kuanzisha ARV haraka, hata siku ile ile ya majibu. Kwa walio wengi ni sawa kabisa. Kwa mwenye fangasi kichwani, ARV huamsha kinga iliyolala, nayo inaamka na kukuta adui amejaa nyumbani. Kampala, Mbarara na Cape Town walilinganisha kuanza ndani ya wiki 2 na kusubiri kama wiki 5. Majibu ya 2014: walioanza mapema walifariki asilimia 45, waliosubiri asilimia 30, na waliodhurika zaidi walikuwa wale wenye chembe nyeupe chini ya 5 katika maji ya mgongo. Kwa hiyo kabla ya kopo la kwanza la ARV kutoka dirishani, swali la "kichwa kinauma?" liulizwe, na mwenye CD4 chini ya 100 apimwe damu kwa kipimo cha CrAg, kinachotafuta alama za kriptokokasi. Kikiwa chanya, mgongo unachunguzwa kwanza. ARV zinasubiri wiki 4 hadi 6 baada ya kuanza dawa za fangasi.

Hata aliyesubiri vizuri anaweza kurudi mwezi wa pili na kichwa kile kile na homa ile ile. ARV haziachwi. Mgongo unachomwa tena, presha inapimwa, maji yanapelekwa kuoteshwa. Fangasi wakiota, dawa hazikutosha au hazikumezwa. Wasipoota, kinga inapigana na makoti matupu ya fangasi waliokwisha kufa, na kama hali ni nzito, hapo ndipo steroidi za muda mfupi zinapoweza kufikiriwa.