Laptopu ndogo ya 2017: hoja ya asiyetaka kuibadili

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wauza kompyuta wa Tanga wamepata neno moja la kumwambia kila mteja: laptopu yenye prosesa ya Intel (ubongo wa mashine) ya chini ya kizazi cha nane imekwisha kazi, ilete, ongezea hela, uondoke na mpya. Hiyo mpya nayo ni mtumba, ila wa miaka ya karibuni. Wanaoguswa zaidi ni wenye laptopu ndogo za kiofisi, zile za inchi 12.5 zenye uzito wa kilo moja na ushei: ThinkPad X260 na X270 za Lenovo, EliteBook 820 za HP, Latitude 7280 za Dell. Ni mashine za watu wa mizunguko. Wakala wa forodha anayeanza siku bandarini na kuimalizia ofisini Chumbageni, mwalimu anayepeleka mtihani kuchapwa, afisa wa mradi anayelala Pangani leo na Lushoto kesho. Wengine huzibeba mgongoni juu ya baiskeli, na huko kila gramu ina hesabu yake.

Anayekataa kubadili huonekana bahili, au mtu aliyeshikwa na mazoea. Nadhani hajaeleweka.

Tuichukue X270 iwe mfano, maana imekaa mpakani kabisa. Ilitoka mwaka 2017 ikiwa na prosesa za Intel za kizazi cha sita na cha saba. Windows 11 inaanzia kizazi cha nane, ukiondoa prosesa chache zilizosamehewa. X280 iliyoirithi ilitoka 2018 na kizazi cha nane, ikapita. Kwa hiyo mwenye X270 anaambiwa auze, na mwenye X280 anaambiwa yuko salama, ilhali mashine hizo zimepishana mwaka mmoja.

Wanaosema badili wana mambo mawili yenye uzito. La kwanza ni nguvu. Prosesa ya i5-7200U iliyomo kwenye X270 nyingi ina viini viwili, yaani sehemu mbili za kufanya hesabu. Ile ya i5-8250U iliyokuja Agosti 2017 ina vinne, kwa kiwango kilekile cha wati 15. Kwa laptopu nyembamba ilikuwa hatua kubwa, na mtu anayekaa kwenye mkutano wa video huku amefungua majedwali mazito ya Excel ataiona siku ya kwanza. Ndiyo maana muuzaji anayesema "hii ni Core i5" bila kutaja kizazi hajakwambia kitu. La pili ni usalama. Mashine isiyopokea marekebisho, huku mwenyewe anaingilia humo benki na mifumo ya kodi, ni mlango ambao kitasa chake kinalegea kidogo kila mwezi.

Kuna na la tatu ambalo wauzaji hawalisemi, nami nitawasaidia kulisema. MacBook Air ya M1, iliyotoka mwishoni mwa 2020, haina feni kabisa. Kwa mji wa pwani hilo ni jambo. Feni ya laptopu huvuta hewa ya chumba kutwa nzima, na hewa yetu ina unyevu na chumvi. Upepo wa Raskazone ni mzuri kwa mapafu ya mtu. Kwa shaba ya ubao wa saketi si mzuri hata kidogo. Mafundi wanaofungua mashine za hapa wanaijua ile kutu ya kijani kwenye miguu ya saketi. Mashine isiyovuta hewa inajiepusha na sehemu ya balaa hilo, na betri yake inakwenda siku nzima ya kazi. Mwenye uwezo wa kuinunua, na ambaye programu zake zinapatikana kwenye Mac, sina la kumpinga. Ajue tu kwamba akichukua ya GB 8 za RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine), hizo ndizo atakazokaa nazo mpaka siku ya kuagana.

Baada ya hapo wauzaji wanaanza kutia chumvi.

Tarehe ya Oktoba 2025 haikuizima X270 ya mtu yeyote. Microsoft yenyewe iliweka mwaka mmoja wa ziada wa marekebisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida, hadi 13 Oktoba 2026, na njia mojawapo ya kuyapata haina malipo: unaingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe huko. Programu za Microsoft 365 zitaendelea kupata marekebisho ya usalama juu ya Windows 10 hadi Oktoba 2028. Anayetaka kutoka kabisa ana Linux Mint au Ubuntu, mifumo endeshi ya bure ya kuweka badala ya Windows, ambayo kwenye ThinkPad hukaa vizuri, na kwa mtu ambaye kazi yake yote iko ndani ya kivinjari, kama walivyo mawakala wengi wa forodha siku hizi, tofauti ataizoea upesi. Mafundi wengine huipachika Windows 11 kwa kuruka ukaguzi wa prosesa. Inafanya kazi, ila Microsoft imesema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina haki ya kudai masasisho, kwa hiyo mimi singeitegemea kwa kazi ya ofisi.

Na tukiwa kwenye usalama, tuseme ukweli wa mitaani. Windows ngapi kati ya hizi zinazotembea Ngamiani zimeamilishwa kwa kraki? Kraki ni programu ya mtu usiyemjua, unayoiendesha kwa mamlaka yote ya mashine baada ya kuzima kinga ya virusi ili isilalamike. Mtu anayeuza X270 kwa kuogopa kukosa marekebisho, kisha akachukua mashine ya kizazi cha kumi yenye Windows iliyokrakiwa, amezidi kujiweka hatarini na amelipa juu yake. La kusikitisha ni kwamba mara nyingi kraki haikuhitajika. Laptopu hizi za kiofisi nyingi zilitoka kiwandani na ufunguo wa Windows Pro ndani ya BIOS, ile programu ya kwenye ubao inayoiwasha mashine. Ukipachika toleo sahihi, inajiamilisha yenyewe ikipata intaneti. Fundi anayeweka kraki juu ya mashine yenye leseni yake amekuharibia kitu ulichokuwa nacho.

Lakini hoja inayonifanya niandike ni ya betri na RAM, na hapa naomba tuende polepole.

X270 ina betri mbili. Moja iko ndani, wati-saa 23 (kipimo cha umeme inaouweka), na nyingine iko nyuma, unaichomoa kwa kuvuta vishikizo viwili. Ile ya ndani inaishikilia mashine ikiwa hai wakati unabadilisha ya nyuma, kwa hiyo huzimi wala hupotezi kazi. Betri kubwa ya nyuma ina wati-saa 72. Jumla 95. X280, ile iliyo salama, ina betri moja ya ndani ya wati-saa 48, na kuibadili ni kufungua mgongo wote. Atakayeniambia prosesa ya kizazi cha nane inajua kubana matumizi, nitakubali kiasi. Haibani hadi nusu. Tena hizo 48 ni za siku ilipotoka kiwandani. Betri za lithiamu za laptopu huhesabiwa kuhimili mizunguko ya chaji kama 300 hadi 500 kabla ya kushuka kwenye asilimia 80 hivi, na joto linaharakisha mambo. X280 ya mtumba imeshapita huko. Umeme ukikatika saa nne asubuhi, mwenye X270 yenye betri kubwa mpya anaendelea na kazi yake mpaka mchana umekwenda, akiwa na nundu chini ya mashine na uzito kidogo wa ziada. Wa pili anatafuta mgahawa wenye jenereta.

Kuchaji nako kuna habari yake. X270 ina tundu la USB-C na lile la zamani la mstatili. Likigoma moja lipo jingine. X280 inategemea USB-C peke yake, na Lenovo ililazimika kutoa sasisho muhimu la fimuwea (programu ya ndani ya kifaa) ya Thunderbolt, teknolojia iliyomo kwenye tundu la USB-C, kwa ThinkPad kadhaa za miaka ya 2017 hadi 2019, X280 ikiwemo, kwa sababu tundu hilo liliweza kuacha kuchaji. Mashine ngapi za mtumba zilipita mikononi mwa mtu aliyejali kuweka sasisho hilo? Muulize anayekuuzia uone kama anajua unazungumzia nini.

Sasa RAM. Kwenye X270 kuna nafasi moja ya RAM ya aina ya DDR4, na Lenovo inaikubali hadi GB 16. Ukifungua mgongo unaiona, unaichomoa, unaweka nyingine. Kwenye X280 RAM imechomelewa kwenye ubao. Iliyotoka kiwandani na GB 4 itazikwa na GB 4. Ndivyo ilivyo kwa ThinkPad X1 Carbon tangu ya kwanza ya 2012, na MacBook Air tangu ya kwanza ya 2008. Huko zilikotoka, jambo hili halikuumiza sana: kampuni inanunua, inatumia miaka mitatu au minne, inaondoa. Uamuzi wa karani wa manunuzi wa Frankfurt au Dallas juu ya GB ngapi zinatosha ulikusudiwa kudumu miaka hiyo tu. Sisi tunaipokea mashine wakati uamuzi huo umeshachacha, na kama RAM imechomelewa, tunaupokea uamuzi pamoja na mashine. Mtumba wote wa Tanga unasimama juu ya uwezo wa kuongeza kidogo kidogo: leo SSD (diski ya kasi isiyozunguka), mwezi ujao RAM, Idi betri. Mashine iliyochomelewa inaufunga mlango huo, na kila mwaka makontena yatakayofika yatakuwa na nyingi zaidi za aina hiyo kuliko zile za kufunguka.

Tena tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani, viwanda vikielekeza uzalishaji kwenye vituo vya akili unde. Inawabana wote, lakini kwa namna tofauti. Mwenye nafasi ya RAM anaweza kungoja bei ishuke, au kuchukua kijiti kwenye mashine iliyokufa ubao. Mwenye iliyochomelewa hana cha kungoja.

Na hapa tarehe ileile ya Oktoba inamgeukia aliyeitaja. Ofisi za nje zikiziondoa mashine za kizazi cha sita na cha saba kwa mkupuo, bei yake inalegea, na vipuri vyake vinalegea nayo. Mwenye X270 anaweza kununua nyingine yenye kioo kilichopasuka kwa ajili ya kibodi, feni, RAM na chaji yake. Kwa mtu anayeishi mbali na Kariakoo, kuwa na ghala la vipuri ndani ya kabati la nyumbani ni raha isiyoelezeka kwa jedwali la vipimo vya kasi.

Wanaobaki nazo nao wana udhaifu wao. Wengi hubaki na mashine bila kuigusa, wakaita hiyo busara. X270 yenye diski ya kuzunguka, pesti ya kupitisha joto la prosesa iliyokauka na betri ya ndani iliyovimba haina utetezi. Kabla ya kulinganisha na chochote iwekewe SSD, maana hakuna badiliko jingine litakaloonekana haraka hivyo. Betri nazo ni mtihani. Zilizopo sokoni nyingi ni za kuiga, na hata halisi ikiwa imekaa stoo tangu 2018 imeshazeeka bila kutumika. Amri ya powercfg /batteryreport itakuonyesha uwezo wa kuundwa na uwezo wa sasa. Iendeshe mbele ya muuzaji kabla hajaandika risiti.

Ipo pia siku ya kuachana nayo. Ubao ukishaanza kuliwa na kutu ukakwanguliwa na kuchomelewa, ukarudi tena kwa fundi na dalili nyingine, hiyo ni pesa inayomwagika. Anayehariri video, au anayeshinda kwenye mikutano ya mtandaoni, viini viwili vitamchelewesha hata ukiijaza RAM. Na kama ofisi yako inalazimisha Windows 11, hakuna cha kubishana.

Hata hivyo kubadili hakulazimishi kuangukia X280. EliteBook 830 G5 ya HP yenye prosesa ya kizazi kilekile cha nane inapokea Windows 11, na ina nafasi mbili za RAM zinazochomoka. Inapatikana kwenye mtumba uleule. Mwambie muuzaji aufungue mgongo uzione nafasi zote mbili, maana kwa bei ya RAM ya sasa si ajabu moja ukaikuta tupu huku karatasi iliyobandikwa juu inasema GB 16.